Susannah Place, Sydney: nilienda kuona nyumba za wapangaji, nikaikuta Nakawa

Jamani nimerudi Kampala hii wiki ya tatu sasa, na kila ninayekutana naye stegini ananiuliza Opera House ikoje, lile daraja likoje, kangaruu nimeona au sijaona. Opera House nimeiona, nzuri kweli, daraja nimelipita kwa miguu, kangaruu sijaona ata mmoja. Lakini mimi nataka kuwaandikia juu ya nyumba nne za matofali zilizoshikana kama mizigo yetu, vile vyumba vya kupangisha, ziko barabara inaitwa Gloucester Street, kitongoji kinaitwa The Rocks, na ukiwa na haraka unazipita bila kugeuza shingo. Siku hizi ni makumbusho, jina lake Susannah Place. Nilikaa ndani kama saa moja hivi na nilitoka macho yamelowa, dada yangu akadhani nimeumwa.

Kwanza mjue nani anawaandikia. Mimi ni fundi wa kujenga, matofali na plasta, niko saiti zaidi ya miaka 20 sasa, na nililelewa kwenye nyumba za Nakawa hapa Kampala, zile Waingereza walijengea wafanyakazi Waafrika miaka ya 1950. Chumba na kachumba, bomba la maji mnagawana, choo nje, sigiri mlangoni, na Kiswahili ndiyo ilikuwa lugha ya uwanjani kwa sababu huyu Mcholi, yule Mluhya, pale Mnubi, pale Mganda, sasa mtaitana pasi kwa lugha gani. Waliokaa pale wanajua. Zilivunjwa Julai 2011, Nakawa na Naguru, familia zaidi ya 1,700 zikatoka, na mimi nilikuwa mmoja wa waliobeba godoro la mama kichwani mpaka barabarani. Kwa hiyo mtu akiniambia kuna nchi wameweka makumbusho ya nyumba za wapangaji, siyo ikulu, siyo kasri, siyo nyumba ya gavana, nyumba za watu wa kulipa kodi kila mwezi, mimi siendi kama mtalii.

Dada yangu mkubwa ni nesi, anakaa Blacktown, magharibi mwa Sydney, ndiye alinitumia tiketi niende harusi ya binti yake. Harusi ikaisha, vyombo vikaoshwa, wageni wakaondoka, akaniambia mdogo wangu wewe si fundi, wacha nikupeleke mahali nasikia watu wanasema lakini ata mimi sijawahi kufika kwa miaka yote niko hapa. Tukapanda treni, tukashuka stesheni ya Wynyard, tukatembea. Si mbali, dakika kumi kwa mtu anayetembea kama mtu wa Kampala.

The Rocks yenyewe iko pale pale mjini, ukingoni mwa bandari, mlango wa daraja. Kabla ya Wazungu palikuwa pa watu wa Gadigal, wao wanapaita Tallawoladah. Mwaka 1788 meli za Waingereza zikatia nanga pale karibu na wafungwa wao na askari wao, na wale wafungwa ndio wakapanda kwenye majabali wakajijengea vibanda, ndiyo jina la majabali likabaki mpaka leo. Kwa hiyo ni kitongoji kilichoanzwa na watu wa chini kabisa, alafu wakaja mabaharia, makuli wa bandarini, mafundi, wajane wa kufua nguo za watu. Ukitembea unaona. Njia ni nyembamba, ngazi za mawe kila kona, nyumba zimepandiana juu ya mwamba vile unaona Katwe au kule mteremko wa Mulago, tofauti tu ni mawe.

Kuna mahali panaitwa Argyle Cut, hapo nilimsimamisha dada yangu mpaka akachoka. Ni barabara imekatwa katikati ya mwamba, pande zote mbili ukuta wa jiwe unapanda juu. Walianza mwaka 1843 wakitumia wafungwa, nyundo na tindo tu, kazi ikasimama, ikaja kumaliziwa mwaka 1859 kwa baruti. Alama za tindo bado ziko ukutani. Mimi niliweka mkono. Aliyewahi kupiga tindo kwenye zege siku nzima anajua mikono inavyokufa ganzi jioni, sasa hawa walikuwa wanakata mlima, tena kwa adhabu. Dada ananiambia twende saa ya kuingia inafika, mimi bado niko na ukuta.

Sasa Susannah Place yenyewe. Huingii ukazurura peke yako, kuna mtu anawatembeza, kikundi kidogo, sisi tulikuwa saba. Aliyetutembeza alikuwa binti mdogo tu lakini anazijua zile nyumba kama amezaliwa humo, anasema taratibu, anasubiri wazee wapande ngazi, na ukimuuliza swali hakimbii. Kwa upande wa huduma mimi nampa alama zote.

Zilijengwa mwaka 1844 na mtu na mke wake, Edward na Mary Riley, wahamiaji kutoka Ireland, wakaziita jina la mpwa wa huyo mke, Susannah. Nyumba nne chini ya paa moja, ya kona ina duka. Msingi ni wa mawe ya mchanga, juu matofali. Kila nyumba ni vyumba viwili juu, viwili katikati, na chini kabisa jiko limezama nusu kwenye ardhi kwa sababu ya mteremko. Nyuma kuna ua mdogo, choo na banda la kufulia. Walikaa humo watu bila kukatika mpaka 1990, zaidi ya familia 100, wapangaji kupokezana wapangaji, alafu 1993 ndiyo pakafunguliwa kama makumbusho. Piga hesabu, karibu miaka 150 hakuna mwaka ambao mtu hakupika humo ndani.

Na sasa nifike kwenye kitu kilichonishika. Mimi nilitegemea nikute wamepaka rangi mpya, wameweka fanicha za kung'aa, kamba nyekundu, usiguse. Hapana. Vyumba vingine wamevipanga jinsi vilivyokuwa enzi fulani, lakini vingine wameviacha vile mpangaji wa mwisho alivyoviacha, na ukutani unaona karatasi za maua zimebandikwa juu ya karatasi nyingine juu ya nyingine, pale zimechanika unaweza kuhesabu. Sakafuni hivyo hivyo. Zile kapeti za plastiki za kutandika, siyo za kitambaa, zile ngumu zenye michoro, kila aliyeingia hakutoa ya mwenzake, alitandika yake juu. Wamekata kona moja ukaona tabaka zote, ya juu rangi ya kahawia, chini yake ya vigae vya kuchora, chini yake kijani, na chini kabisa mbao zenyewe.

Mimi nikachuchumaa pale. Kwetu Nakawa mama alikuwa anafanya hivyo hivyo. Kila Krismasi au Idi ikikaribia, kwa sababu sisi tulisherehekea zote mbili na majirani, alikuwa ananunua kapeti ya plastiki kipande kule sokoni, anatandika juu ya ile iliyochakaa, ile ya zamani haitoi kwa sababu inazuia baridi ya sementi. Siku tunatoka 2011 nilizikunja zote pamoja zikawa nzito kama mlango, nikaziacha. Nilikuwa nafikiria godoro, masanduku, sufuria, nani afikirie plastiki kuukuu. Sasa niko Sydney naona watu wamesafiri kuja kuangalia plastiki kuukuu ya mama wa mtu, imewekewa taa. Hapo ndipo macho yalilowa, nasema ukweli.

Kama fundi pia niliangalia kazi. Hizi nyumba zimehifadhiwa na watu wanaojua kuzuia mkono. Kuhifadhi siyo kuplasta upya, ata mimi saitini nikiona ukuta unamumunyuka mkono unawasha uchukue mwiko na mchanganyo. Wao wameimarisha pale pa hatari, ngazi, mihimili, paa, mengine wameacha yaonekane umri wake. Msingi wa mawe umekaa sawa kabisa, matofali yana rangi mbili tatu kwenye ukuta mmoja, unajua kabisa haya hayakutoka tanuru moja siku moja. Ngazi za ndani ni nyembamba na zimesimama wima, mtu wa magoti mabovu asijidanganye, na kitimagari sidhani kinapanda popote mule. Hiyo lazima niseme kwa sababu nilimuona mama mmoja mzee kwenye kikundi chetu amebaki chini anasubiri wenzake washuke, na kule juu ndiko penye mambo.

Banda la kufulia ua wa nyuma, hapo dada yangu naye ndiyo akakamatika. Kuna mahali pamejengewa pa kuchemshia nguo, unawasha moto chini. Akasimama anaangalia, akaniambia unakumbuka Mama wa nyumba ya mwisho kule kwetu, aliyekuwa anafulia wale maofisa wa reli, nguo zinachemka kwenye pipa nje toka saa kumi na moja alfajiri. Nikamwambia namkumbuka, na moshi wake naukumbuka. Tukawa tunaongea Kiswahili kwa sauti pale uani kama tuko nyumbani, watu wanatuangalia, yule binti akatuuliza mnasema nini, dada akamweleza, naye akasikiliza mpaka mwisho, akasema anaomba tumweleze tena taratibu kuhusu hizo nyumba za Kampala. Kikundi kizima kikasikiliza habari za Nakawa kwenye ua wa Sydney.

Duka la kona nalo ni zuri. Lilifunguliwa tangu mwanzo wa zile nyumba likauza mpaka miaka ya 1930, familia baada ya familia, mbele duka nyuma mnalala. Wamelipanga kama lilivyokuwa mwanzo wa karne iliyopita, rafu za mbao mpaka darini, mikebe, sabuni, kaunta. Kila mtu aliyekulia kwenye estate anajua duka la hivyo, ukitumwa mafuta ya nusu kikombe unatumwa na kikombe chako, na mwenye duka ana daftari la madeni linajua siri za mtaa mzima.

Lakini habari ambayo ningependa kila fundi na kila pota, yaani kibarua wa saiti, wa Uganda aisikie ni hii ya kwa nini zile nyumba bado zimesimama. Kwa sababu zilitakiwa kuvunjwa, tena siyo mara moja.

Mara ya kwanza ilikuwa tauni. Mwaka 1900 tauni iliingia Sydney kupitia bandarini, wakafa watu 103 mji mzima, na The Rocks ndiyo ikanyooshewa kidole kwamba ni pachafu. Serikali ikatwaa kitongoji kizima, nyumba na gati, nyumba zikasafishwa kwa dawa na kuta kupakwa chokaa, panya wakawindwa kwa malipo, nyumba mamia zikabomolewa. Serikali ikawa ndiyo landilodi wa wote waliobaki. Mara ya pili daraja. Kujenga lile Harbour Bridge, lililofunguliwa Machi 1932, walifyeka nyumba mamia nyingine, kuna barabara nzima iliyoitwa Princes Street haipo tena, ukiuliza wanakuonyesha juu hewani magari yanapopita. Watu wanapiga picha na daraja, ata mimi nimepiga, lakini baada ya kusikia hiyo nililiangalia kwa jicho lingine.

Mara ya tatu ndiyo ile kubwa. Miaka ya 1960 mwishoni serikali ya jimbo ikaunda mamlaka ya kuendeleza eneo lile, mpango ni kuvunja nyumba za zamani na kusimamisha maghorofa ya ofisi na hoteli. Wapangaji wakaambiwa watahama. Wakaunda kikundi chao, kiongozi wao mama mmoja aliyeitwa Nita McRae, familia yake ilikuwa ya hapo hapo vizazi na vizazi. Wakaandika barua, wakaenda maofisini, hawakusikilizwa. Mwishoni wakaenda kwa chama cha vibarua wa ujenzi, Builders Labourers Federation, tawi la New South Wales, na katibu wa tawi wakati huo alikuwa Jack Mundey.

Sasa nyinyi sikilizeni vizuri hapa. Hawa hawakuwa mainjinia wala makontrakta. Walikuwa mapota. Wachimba msingi, wabeba zege, wafunga jukwaa, na wavunjaji wa nyumba. Chama kikaweka utaratibu, wakaazi wa mahali lazima waitishe mkutano wa hadhara waombe wenyewe, alafu wanachama wanapiga kura, wakikubali basi hakuna kibarua wa chama anayegusa hiyo kazi. Wakaziita green ban, marufuku ya kijani. Ya kwanza ilikuwa 1971 kulinda msitu mdogo unaoitwa Kelly's Bush, na The Rocks ikafuata mwaka huo huo. Bila pota hakuna kuvunja, na bila kuvunja hakuna ghorofa. Tingatinga haliendi lenyewe.

Oktoba 1973 waliletwa vibarua wasio wa chama waanze kuvunja kwa nguvu, wakaazi na wanachama wakaingia kwenye jengo wakakaa, polisi wakaja wakawabeba mmoja mmoja, Mundey naye akakamatwa akabebwa. Hawakurudi nyuma. Mpaka katikati ya miaka ile ya 70 walikuwa wameweka marufuku zaidi ya 40 mji mzima. Hawakulipwa kwa hiyo, tena baadaye viongozi wa lile tawi wenyewe walifukuzwa kwenye chama na uongozi wa taifa, Mundey akiwa mmoja wao. Alifariki 2020, na kuna mahali pale The Rocks pameandikwa jina lake, Jack Mundey Place. Nimesimama chini ya kibao. Nimepiga picha nikiwa na kofia yangu ya saiti, niliibeba kwenye begi toka Kampala nikiwa sijui kwa nini, sasa najua.

Mimi nimevunja nyumba katika maisha yangu. Ni kazi, unaitwa asubuhi, unaambiwa elfu kadhaa kwa siku, unapanda juu unaanza na mabati. Sijawahi kuuliza nani alikuwa anakaa humo. Ata ile siku ya Nakawa, kati ya wale vijana wa kuokota mabati na mbao nyuma ya tingatinga kulikuwa na wenzangu niliofanya nao kazi Bweyogerere, tukaangaliana, nao wakainamisha macho, na mimi siwalaumu kwa sababu siku nyingine ningekuwa mimi. Lakini kwamba kuna mapota waliwahi kukaa kwenye mkutano wakajiuliza hii kazi tunaijenga kwa ajili ya nani, wakaikataa na njaa yao, hiyo nilikuwa sijawahi kuisikia mahali popote na niko kwenye hii kazi toka ujana.

Sasa kasoro, maana nikisifia tu mtasema nimelipwa.

Kasoro kubwa si ya makumbusho, ni ya mtaa. Nyumba zimebaki lakini wenyewe wengi wameondoka. Baada ya ile vita serikali ilijenga jengo moja la zege pale pale jirani na daraja, linaitwa Sirius, nyumba 79, kwa ajili ya wapangaji waliokuwa wanahamishwa wapate kubaki mtaani kwao. Kama fundi nililipenda sana, ni kama masanduku yamepangwa yakapishana, kila mtu ana kibaraza chake. Alafu mwaka 2014 serikali ikatangaza kuuza nyumba zake za upande ule, Millers Point na The Rocks, nyumba 293, pamoja na Sirius, wazee waliokaa pale maisha yao yote wakahamishiwa kwingine. Mpangaji wa mwisho wa Sirius alitoka 2018, na jengo likauzwa mwaka uliofuata kwa dola za Australia milioni 150. Kwa hiyo leo ukitembea unaona mlango uliopakwa rangi nzuri, maua dirishani, na gari la bei mbaya nje, lakini mama wa kukuuliza mtoto wa nani wewe umepotea hayupo. Jioni nilitafuta watoto wanaocheza barabarani, sikuona. Hilo liliniumiza, na ningependa wale wanaotembeza wageni walitilie mkazo zaidi, kwetu lilitajwa mwishoni tukiwa tayari tumesimama kuondoka.

Pili, saa moja haitoshi. Mimi ningekaa humo mchana mzima. Unafika chumba kimekushika, kikundi kinasogea.

Tatu, chakula. Usile pale bila kuangalia bei kwanza. Mkahawa mmoja wa karibu tulikunywa chai mbili na keki moja ya kugawana, dada akalipa hakutaka kunionyesha risiti, nikaiona, nikabadilisha kwenye kichwa kwenda shilingi zetu na chai ikanikwama. Roleksi, zile chapati zetu za mayai, ngapi zile. Wikendi kuna soko la barabarani, ni zuri kwa macho, sabuni, picha, vitu vya mikono, lakini ni soko la wageni, siyo mahali mtu anaenda kununua nyanya.

Kwa bure kuna vya kutosha. Argyle Cut ni barabara, hakuna wa kukudai. Cadmans Cottage, nyumba ndogo ya mawe ya mwaka 1816, unaiona kwa nje. Na usiache kupita Cumberland Street kuna mahali panaitwa The Big Dig, wanaakiolojia walichimba mwaka 1994 wakakuta misingi ya nyumba nyingi na vichochoro vyake na visima, na vitu vidogo vidogo zaidi ya 750,000, vikombe, vifungo, mifupa ya nyama waliyokula, vitu vya watoto vya kuchezea. Sasa angalieni akili ya ujenzi, juu yake kuna hosteli ya wasafiri lakini wameinyanyua kwenye nguzo ili misingi ya zamani ibaki wazi chini, nguzo zenyewe wamechagua pa kuzitua pasiharibu. Nilizunguka zile nguzo mara mbili. Unaweza kuwa na jengo jipya na bado chini yake mtu akaona jiko la bibi mmoja wa mwaka 1810. Sisi tunaambiwa kila siku haiwezekani, lazima uchague moja.

Nyota? Kwa Susannah Place natoa nne na nusu kwa tano, nusu nimekata kwa ajili ya ngazi na haraka. Kwa kitongoji chenyewe natoa tatu, na najua ni chache, lakini siwezi kukipa mtaa nyota tano wakati wenyeji wake wamepelekwa mbali. Mwenye ndugu Sydney akipata nafasi aende, aweke nafasi mapema maana vikundi ni vidogo na siyo kila siku panafunguliwa, avae viatu vya chini, na kama amekulia Nakawa, Naguru, Walukuba au Bugolobi kwenye flati asiende peke yake, aende na mtu wa kuongea naye.

Jumapili iliyopita nilipanda boda mpaka Kireka kumuona yule Mama aliyekuwa anafua, yupo, mungu amemtunza, masikio tu yamepungua. Nikamsalimia shikamoo Mama, akaniangalia muda mrefu, akasema wewe ni wa mlango wa bomba. Nikamuonyesha picha kwenye simu, banda la kufulia akalijua bila kuelezwa, akasema hapa moto unakaa upande huu, moshi unatokea huku, huyo aliyejenga alikuwa anajua. Nikamuonyesha ile kona ya kapeti zilizopandiana. Akaishika simu kwa mikono miwili akaisogeza karibu na uso. Akauliza, na wenyewe wako wapi sasa? Nikamwambia walihamishwa, Mama. Akasema ata na wao. Akanirudishia simu, akamwita mjukuu alete chai.

Alafu akaingia ndani akatoka na bahasha, ndani kuna picha moja imefifia, mlango wetu, mimi niko tumbo wazi na nyuma yangu unaona sakafu na kapeti ya maua. Sikuwa najua kwamba hiyo picha ipo duniani.

Kwa hiyo naomba. Mwenye picha za ndani ya nyumba za Nakawa na Naguru, siyo za nje, siyo za siku ya kuvunja hizo zipo nyingi, za ndani, jikoni, kitandani, ukutani, sherehe, mtoto anaogeshwa kwenye beseni, aniandikie hapa chini. Nitatoka nilipo nikukute ulipo, napiga picha ya picha nakurudishia yako hapo hapo. Mpaka leo ninazo tatu.